Kituo cha wazee kwenye kata yetu: fedha za umma ziende huko au zikamalize zahanati?

*"Shikamoo. Naishi Manispaa ya Tabora, kata ya pembeni kidogo mwa mji, pamoja na mama yangu mwenye miaka 74. Mkutano wa mtaa uliopita tuliambiwa kuna pendekezo la kujenga kituo cha jamii na wazee kwa Sh milioni 90 za mapato ya ndani ya manispaa, na kila kaya ichangie Sh 10,000. Watu waligawanyika. Vijana walisema fedha hizo zinachotwa kwenye asilimia kumi yao. Kina mama walitaka kwanza zahanati, maana boma lake limesimama kwenye lenta. Wengine walisema tutakosa dawa na barabara. Jirani mmoja akasema kupeleka wazazi vituoni ni mambo ya wazungu, sisi tuna watoto. Wazee walinuna, wengine wakaondoka. Mimi nauza sokoni toka alfajiri hadi magharibi na mama anashinda ndani peke yake. Je, ni haki fedha za umma kwenda huko? Nisimame upande gani mkutano ujao?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu imebeba maswali matatu kwenye furushi moja: fedha zinatoka mfuko gani, kituo chenyewe ni kitu gani, na mama anashinda na nani mchana kutwa. Mkutano wenu uligawanyika kwa kuwa kila upande ulikuwa unajibu swali lake na kudhani wengine wanalijibu hilo hilo. Nimefanya kazi ya mipango kwenye halmashauri kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ugomvi wa namna hii nimeuona kwenye masoko, stendi na kumbi. Nianze na fedha.

Vijana wana haki ya kuilinda asilimia kumi, ila kituo hakiwezi kuila. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A, inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha za kukopesha vikundi, si za kujengea ukuta. Kama kuna mtu kasema kituo kitajengwa kwa fedha hizo, basi ama kakosea ama anataka kuvunja sheria, na ombeni ayaseme hayo kwa maandishi. Wazee kama kundi hawakutajwa kwenye mgawo huo, ingawa hakuna kinachomzuia bibi wa miaka 65 kuwa mwanachama wa kikundi cha wanawake.

Dawa nazo zina njia yake. Zinanunuliwa kwa fedha za afya: ruzuku, mfuko wa pamoja wa afya, bima na michango ya wagonjwa, na kituo cha tiba huagiza kutoka Bohari ya Dawa. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka Mfuko wa Barabara. Kwa hiyo mkikataa kituo, msitegemee kwamba milioni 90 zile zitageuka kuwa vidonge au kifusi. Hazitageuka.

Ila kina mama wako walikuwa sahihi kuliko wote mkutanoni. Mapato ya ndani, yaani ushuru wa masoko na stendi, leseni za biashara, ushuru wa huduma na mengineyo, ndiyo hayo hayo yanayotakiwa kumalizia boma la zahanati, kuongeza madarasa na kuchimba matundu ya vyoo vya shule. Hapo kituo na zahanati vinagombania sufuria moja kweli kweli. Na miongozo ya bajeti ya serikali imekuwa ikisisitiza miaka yote kwamba miradi viporo imalizwe kabla ya kuanzisha mipya. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hazikosi kurasa za maboma yaliyoachwa na majengo yaliyokamilika lakini hayatumiki. Boma lililofika lenta likaachwa bila paa hunyeshewa, ukuta ukaanza kuchoka, na kila mwaka linazidi kuwa ghali kumalizia. Wananchi walitoa mchanga na nguvu zao pale. Kuwaomba wachangie jengo la pili huku la kwanza likiota majani ni kuwachokoza.

Sasa jirani yako na maneno yake ya wazungu. Nadhani anachanganya vitu viwili, na hapo Tabora ni rahisi kuchanganya kwa sababu mnayo Makazi ya Wazee ya Ipuli. Ipuli ni makazi. Mzee asiye na ndugu wala uwezo huishi pale, hulala pale na hutunzwa na serikali. Mtu akisikia "kituo cha wazee" anaona Ipuli ya pili mlangoni kwake, na moyo unamuuma kana kwamba ameambiwa amtupe mama yake. Kituo kinachozungumzwa kwenye kata ni mahali pa kushinda. Mzee anakuja saa tatu asubuhi, anakaa na wenzake, anapimwa presha, anakunywa uji, anacheza bao au anasuka ukili, adhuhuri anarudi kwake. Hata kwa hao wazungu anaowasema jirani, kule Marekani ndivyo vilivyo pia. Cha kwanza kinachotajwa sana kilifunguliwa New York mwaka 1943, na wazee wake jioni walirudi makwao.

Tena kwa Unyamwezi nyumba ya namna hiyo si ngeni hata kidogo. Wasafiri wa Kizungu waliofika Kazeh mwaka 1857, hapo hapo ilipo Tabora ya leo, walikuta vijijini kuna *iwanza*, nyumba ya watu wote. Mara nyingi zilikuwa mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Watu walishinda humo, wakala, wakazungumza, wageni wakapokelewa. Mkitaka jina la kituo chenu, hilo lipo tayari na ni la kwenu.

Hapo niseme jambo ninaloliona zito zaidi ya yote. Wazee wa kiume wa Tabora kituo wanacho, ila hakina paa. Tembea Gongoni, Ng'ambo au Isevya alasiri uone: benchi chini ya mwembe, muuza kahawa na birika lake, bao, redio, habari za mjini zote. Mzee asipoonekana siku mbili, wenzake wanaulizana na mmoja anakwenda kumgongea. Bibi hana benchi hilo. Mumewe akishafariki, watoto wakishatawanyika, miguu ikishaanza kukataa kwenda shamba, dunia yake inabaki ua na jiko. Mama yako ni mmoja wao. Kwa hiyo likitokea jengo la kupigia gumzo wazee wa kiume, litakuwa limehamisha benchi kutoka kwenye kivuli cha mwembe na kuliweka chini ya bati kwa milioni 90. Wanaohitaji zaidi ni wale ambao hata kwenye mkutano wenu hawakuwepo.

Kwa nini basi iwe kazi ya umma na si ya watoto peke yao? Kwa sababu upweke unaumiza mwili taratibu, na bili inaishia hospitali ya serikali. Shinikizo la damu na kisukari haviumi mwanzoni. Mzee anayekaa peke yake hagunduliki mpaka mdomo upinde upande mmoja au kidonda cha mguu kioze. Akifikishwa Hospitali ya Kitete hapo, gharama ni kubwa na uponyaji ni mdogo. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Serikali inalipa tayari, ila inalipa mwishoni, pale penye gharama kubwa. Mzee anayeonekana na watu mara mbili kwa wiki hugunduliwa mapema: amekonda, amesahau jina la mjukuu, hajaja leo.

Na liko la pili, ambalo kanda yetu hailisemi kwa sauti. Tabora na Shinyanga zimeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka hamsini jikoni. Bibi asiyeonekana hugeuzwa hadithi na majirani. Bibi anayeketi na wenzake kila Jumanne, anayejulikana jina, anayefundisha wajukuu wa watu kusuka, ni vigumu kumgeuza hadithi. Sisemi kituo kinamaliza ukatili huo. Nasema kinampa mashahidi.

Utasikia pia wanaosema heri wazee wapewe fedha mkononi kuliko jengo. Si hoja ya kupuuza. Zanzibar walianza Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, Sh 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi Sh 50,000. Lakini hilo ni jambo la serikali kuu na sheria, si la diwani wala manispaa. Kwenye mtaa wenu mlango uliopo ni TASAF kwa kaya maskini. Na fedha huondoa njaa, haziondoi ukimya wa nyumba.

Umeona nimekitetea kituo. Sasa nikuonyeshe kinapofia.

Nilishuhudia ukumbi mmoja uliojengwa kwa ajili ya wazee, jengo zuri, marumaru sakafuni. Ulizinduliwa kwa ngoma. Mwaka wa kwanza wazee walikuja. Mwaka wa pili umeme ulikatika kwa kukosa fedha za LUKU, mlinzi akaacha kazi baada ya kukaa miezi bila posho, na ili kupata chochote ukumbi ukaanza kukodishwa kwa harusi. Viti vya harusi vikajaza chumba cha wazee. Ufunguo ukawa kwa mtu mmoja, na mtu huyo akawa hapatikani. Nilipopita mara ya mwisho, wazee walikuwa wamekaa nje, ukutani, kwenye kivuli cha jengo lao wenyewe. Nami nilikuwa miongoni mwa walioandika andiko la mradi ule. Tulihesabu matofali, nondo na bati hadi la mwisho, na hatukuandika hata mstari mmoja wa nani atalipa mwezi wa saba baada ya uzinduzi.

Chukua kalamu tuhesabu. Hizi ni bei za mfano, wewe weka za kwenu. Mlinzi Sh 150,000 kwa mwezi, mhudumu wa usafi na jikoni Sh 150,000, maji na umeme Sh 60,000, matengenezo madogo Sh 50,000. Uji au chai kwa wazee 40, siku mbili kwa wiki, Sh 700 kwa kila mmoja, ni Sh 224,000 kwa wiki nne. Jumla Sh 634,000 kwa mwezi, Sh 7,608,000 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni zaidi ya Sh milioni 76. Kwa hiyo wanaposema kituo ni milioni 90, wametaja kama nusu tu ya bei yake. Nusu ya pili haina sherehe ya uzinduzi, na ndiyo inayofanya mzee apate uji.

Swali lako la msingi basi, lile la kusimama nalo mkutanoni, ni hili: hizo milioni saba na ushee za kila mwaka zimeandikwa kwenye kasma gani, yaani fungu gani, la matumizi ya kawaida ya manispaa? Kama jibu ni "tutaangalia", kituo hakipo, kuna jengo tu. Kama jibu ni "kitajiendesha kwa kukodishwa", ulizeni siku zipi ni za wazee na hazikodishwi kwa bei yoyote, na hilo liandikwe.

Ukiniuliza ningepiga kura vipi, ningesema: maliza boma la zahanati kwanza, na kituo kianze mwaka huu huu bila jengo. Tafuteni chumba kilichopo, ofisi ya mtaa, darasa la chekechea linalobaki wazi mchana, au hata ukumbi wa msikiti au kanisa kwa makubaliano. Siku mbili kwa wiki, mikeka, birika kubwa, mashine ya presha, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kupita. Muda uwe asubuhi wajukuu wakishaenda shule, la sivyo mabibi hawatatoka. Choo kiwe karibu na kisiwe na ngazi, maana mzee asiye na uhakika wa choo habanduki kwake. Fedha za mwaka wa kwanza hazizidi zile milioni saba na ushee, maana hapo mlinzi hahitajiki. Baada ya mwaka mtakuwa na daftari la mahudhurio, na hoja ya jengo itasimama juu ya majina ya watu.

Njia hii ina udhaifu wake nami sitakuficha. Chumba cha kuazima hunyang'anywa kirahisi, ukija mkutano au uandikishaji wazee wanaambiwa warudi wiki ijayo, na wakirudishwa mara tatu hawaji tena. Pili, kitu kisicho na jengo hakionekani, na kisichoonekana hukatwa bajeti ikibana. Kama wazee wenu wakisema wamechoka kuahidiwa na wanataka paa lao, sitawaita wakaidi. Na kama zahanati ingekuwa imekwisha, ningekuwa na msimamo mwingine.

Kuhusu Sh 10,000 ya kila kaya: usitoe mpaka kuwe na azimio la mkutano lililoandikwa kwenye muhtasari, namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi. Kaya ya mzee anayeishi na wajukuu yatima isidaiwe. Ulizeni pia kiwanja ni cha nani. Mtaa si kama kijiji, hauna nafsi ya kisheria ya kumiliki ardhi, kwa hiyo kiwanja kitakuwa cha manispaa, na matumizi yake kwa wazee yaandikwe sasa kabla mtu hajaona kinafaa fremu za maduka.

Wakati nao una uzito. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vya mitaa hukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha wataalamu wa manispaa, kamati za kudumu na Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka. Ukingoja Aprili, bajeti imeshakwenda Dodoma. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi, nenda ukae usikilize. Ukitaka makadirio ya mradi na ukanyimwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30.

Yapo mambo ambayo barua yangu haitoshi, lazima uende kwa miguu. Muone Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au wa manispaa, akuambie kama Baraza la Wazee la kata yenu liko hai, maana ndilo linalopaswa kuwa na mapendekezo ya kituo hiki mkononi. Afisa Mipango wa manispaa akuonyeshe mradi uko kwenye kasma gani. Michango ikidaiwa kwa vitisho au bila stakabadhi, mtendaji asiposikia, nenda kwa Mkurugenzi, na ukihisi rushwa TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo. Na ukisikia mtu yeyote anamnong'ona mama yako au bibi mwingine kwa uchawi, usisubiri mkutano wowote. Siku hiyo hiyo nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto.

Mama mwenyewe mpeleke apimwe presha na sukari mwezi huu, kituo kiwepo kisiwepo. Akiwa hana kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee, anza kwa mtendaji wa mtaa. Ukiona analala mno, hali vizuri, au anapoteza njia ya sokoni anayoijua miaka yote, Kitete kuna wataalamu. Mweleze daktari tangu lini.

Katika barua yako yote sikuona mahali ulipomuuliza mama anataka nini. Huenda hataki kituo, anataka kuja kukaa na wewe sokoni asubuhi mbili kwa wiki akimenya karanga. Huenda ana rafiki wa zamani mtaa wa tatu ambaye hajamuona mwaka mzima. Muulize leo jioni. Kisha kamuombe mwenyekiti mkutano ujao uwe asubuhi, mahali penye viti na kivuli, na mabibi wapewe nafasi ya kusema kabla ya watu wengine.